Namna ya Kuchunguza Jinsi Jamii Ilivyopoteza Riziki Yake ya Asili

Taarifa nyingi kuhusu umaskini huanza kwa kuhesabu vitu ambavyo watu hawana: maji safi, kipato, elimu, umeme. Hesabu hiyo ina faida yake, lakini haimwelezi msomaji umaskini huo uliingiaje, na mara nyingi humfanya adhani kwamba watu wanaozungumziwa wamekuwa hivyo tangu zamani. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi, afisa maendeleo, mwanahabari au kiongozi wa kijiji anayetaka kufuata njia nyingine, yaani kutafuta kwanza watu hao waliishi kwa kutegemea nini, riziki hiyo ilishikiliwa na nini, na ilikatikia wapi. Tiba hutegemea jibu hilo. Wafugaji walionyang'anywa malisho hawatasaidika kwa semina ya ujasiriamali, na mfumaji aliyeshindwa na bei ya nguo za kiwandani hatasaidika kwa kupewa hatimiliki ya shamba.

Anza na riziki yenyewe

Usiwaulize watu kwa nini ni maskini, kwa sababu swali hilo huleta majibu ya jumla au ya aibu. Waulize mwaka wa kawaida ulikwendaje, mwezi kwa mwezi, wakati kazi yao ya asili ilipokuwa bado inawalisha. Njia inayofaa ni kuchora kalenda ya misimu ardhini, mbele ya kikundi kidogo cha watu walioifanya kazi hiyo. Miezi kumi na miwili huchorwa kwa fimbo, kisha watu huweka mawe au mbegu kwenye miezi ya kazi nyingi, miezi ya njaa, miezi ya kuhama na miezi ya kuuza. Mawe yanalizidi dodoso kwa jambo moja: asiyekubaliana huyasogeza, na mabishano yanayofuata ndiyo yanayotoa habari. Hapo ndipo inapoweza kubainika kwamba wale walioandikwa kuwa wavuvi walikuwa pia wakulima kwa sehemu ya mwaka, kwamba wanawake walikuwa na kazi ya kukausha na kuuza ambayo haikuingia katika kumbukumbu yoyote, na kwamba msitu ulioonekana hauna mwenyewe ndio uliowavusha miezi ya njaa.

Kwa kila shughuli, andika rasilimali iliyotumika, zana na ujuzi uliohitajika, nani aliifanya, mazao yaliuzwa au kubadilishwa wapi, na kanuni zilizoamua nani aruhusiwe kuitumia rasilimali hiyo na lini. Kanuni ndizo zinazosahaulika zaidi, nazo ndizo zenye uzito mkubwa kuliko yote. Malisho ya kiangazi huwa matupu wakati wa masika, kwa kuwa mifugo iko kwingine. Mpima ardhi akifika wakati huo ataandika kuwa eneo halitumiki, ingawa bila eneo hilo kundi zima haliwezi kuuvuka mwaka. Haki ya namna hiyo haina hati, haina uzio na haionekani kwa macho ya mgeni, kwa hiyo ni wajibu wa mchunguzi kuiandika kwa ukamilifu.

Wala usiupambe wakati uliopita. Riziki nyingi za asili zilikuwa na njaa ya msimu, zilimnyima mwanamke urithi, na nyingine ziliendeshwa kwa jasho la watumwa. Mambo hayo yaandikwe pamoja na mema, maana mchunguzi anayeyaficha hudhoofisha hata yale anayoyasema kwa haki.

Tafuta tarehe na mfuatano

Umaskini una historia, na historia hiyo ina miaka. Wengi hawakumbuki mwaka kwa tarakimu, lakini wanakumbuka ukame mkubwa, ugonjwa wa mifugo, kufunguliwa kwa barabara, au rika lililotahiriwa wakati fulani. Pachika matukio hayo kwenye mstari mmoja, kisha linganisha na kumbukumbu zilizoandikwa. Lengo ni kujua kipi kilitangulia kipi. Sotoka iliyoenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 iliua sehemu kubwa sana ya ng'ombe, na ndui na njaa vikaandamana nayo. Wamaasai walipowekwa katika mikataba ya 1904 na 1911 na serikali ya Kiingereza, ambayo iliwaondoa kwanza katika malisho ya Bonde la Ufa na baadaye Laikipia, walikuwa wametoka katika msiba huo. Walipokwenda mahakamani, kesi yao ilitupwa mwaka 1913 kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa kama ya mataifa mawili, hivyo haikuwa chini ya mamlaka ya mahakama hiyo. Atakayesoma habari hii bila mfuatano wake ataona ugonjwa peke yake, au mkataba peke yake. Ukweli ni kwamba mifugo ilirejea kadiri miaka ilivyopita, na sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ilhali ardhi haikurejea.

Tambua riziki ilikatikia wapi

Njia zilizo wazi zaidi hazihitaji maneno mengi. Ipo ya kuzuiwa kufikia rasilimali: nchini Uingereza, sheria nyingi za Bunge, hasa kati ya 1750 na 1850, zilizungushia uzio mashamba na malisho ya pamoja, na familia zilizokuwa zikilisha ng'ombe mmoja na kuokota kuni huko zikabaki na mikono yao tu. Ipo ya kodi: watawala wa kikoloni walipodai kodi ya nyumba kwa fedha taslimu, kama Wajerumani walivyofanya Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1890, mtu aliyekuwa akijitosheleza kwa chakula alilazimika kwenda kuuza nguvu zake. Ipo pia ya soko kuhama, kama ilivyotokea kwa nili ya mimea ya India, yaani rangi ya buluu ya kutia nguo, baada ya kampuni ya BASF ya Ujerumani kuanza kuuza nili ya viwandani mwaka 1897. Udongo, maji na ujuzi vilikuwapo vilevile, mnunuzi ndiye aliyeondoka.

Njia mbili nyingine ni ngumu kuzitambua, na hapo ndipo wachunguzi hukosea zaidi.

Ya kwanza ni rasilimali kuharibiwa na watu walio mbali nayo. Bahari ya Aral huko Asia ya Kati, iliyokuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani, ilianza kukauka katika miaka ya 1960 kwa sababu maji ya mito Amu Darya na Syr Darya yalielekezwa kwenye mashamba makubwa ya pamba. Mvuvi wa Moynaq, mji uliokuwa kando ya maji hayo, hakuwa amevua kupita kiasi, wala hakuwahi kuyaona maamuzi yaliyopangwa huko Moskva, mji mkuu wa Muungano wa Kisovieti. Alichokiona ni maji yakirudi nyuma mwaka hadi mwaka, kisha meli zikibaki juu ya mchanga. Kwa hiyo, popote unapochunguza riziki ya maji, panda mto hadi chanzoni kabla ya kuandika neno lolote kuhusu tabia za wavuvi.

Mfano wa Newfoundland, Kanada, unafundisha zaidi. Samaki waliolisha pwani hiyo kwa takriban miaka 500 walivuliwa na meli kubwa za kukokota nyavu kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana, hadi kufikia zaidi ya tani 800,000 katika mwaka 1968 pekee. Katika miaka ya 1980, wavuvi wadogo wa pwani walilalamika kwamba samaki wanapungua na wanazidi kuwa wadogo. Makadirio ya serikali, yaliyotegemea kwa sehemu mavuno ya meli kubwa, yaliendelea kuwa ya matumaini, kwa kuwa meli zenye vyombo vya kutambua samaki ziliweza kuyafuata makundi ya mwisho popote yalipojikusanya, na hivyo mavuno yao yakabaki mazuri wakati samaki baharini wanaisha. Tarehe 2 Julai 1992 uvuvi huo ulifungwa, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Somo kwa mchunguzi ni hili: takwimu ya mtu anayeweza kuhama kutafuta mavuno haionyeshi upungufu mapema, lakini mtu asiyeweza kuhama huuona siku ya kwanza. Mwanzie huyo.

Njia ya pili iliyojificha ni kuporomoka kwa thamani ya kubadilishana, hata kama rasilimali ipo na watu wanafanya kazi vilevile. Amartya Sen, mchumi wa India aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, alichunguza njaa ya 1943 huko Bengal, jimbo la India ya kikoloni, iliyoua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni 2 na 3. Alionyesha kwamba chakula kilichokuwapo mwaka huo hakikuwa pungufu ya kile cha 1941, mwaka ambao haukuwa na njaa. Bei ya mchele ilipanda kwa sababu ya Vita vya Pili vya Dunia, lakini ujira wa kibarua na bei ya huduma ya fundi wa kijijini havikupanda kwa kasi hiyo. Wavuvi waliumia zaidi, kwa kuwa mwaka 1942 serikali ya kikoloni ilitwaa au kuharibu maelfu ya mashua ili zisiangukie mikononi mwa Wajapani. Kipimo kinachotokana na uchunguzi huo ni chepesi na kinafaa popote: uliza mbuzi mmoja, siku moja ya kibarua au kapu moja la samaki lilinunua nafaka kiasi gani zamani, na linanunua kiasi gani leo. Andika kwa vipimo vya ujazo au uzito, usitumie fedha, maana fedha hubadilika thamani na kuficha hasara. Nimeona mahojiano marefu yakibadilika mara swali hilo linapoulizwa, kwa sababu kila mtu ana jibu lake na majibu hukaribiana.

Mara nyingi chanzo kimoja hufungua mlango kwa kingine. Andika kilichoanza, kisha kilichofuata, na usilazimishe yote yawe na uzito sawa.

Jihadhari na maelezo mepesi

Uvivu, ujinga na kuzaa sana ndiyo maelezo yanayotolewa upesi, hasa na wale ambao uchunguzi ungeweza kuwagusa. Yapime badala ya kuyakubali au kuyakataa kwa hasira. Tafuta jamii jirani yenye watu wengi vilevile na desturi zilezile, ambayo haikupoteza malisho au maji yake, kisha ulinganishe hali zao. Vivyo hivyo, dai kwamba mali ya pamoja lazima iharibike, lililopata umaarufu kupitia makala ya mwaka 1968 ya Garrett Hardin, mwanaikolojia wa Marekani, lisichukuliwe kuwa sheria ya maumbile. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alieleza jamii zilizotunza mali ya pamoja kwa karne nyingi, zikiwamo za malisho ya milima ya Alps nchini Uswisi na za mifereji ya umwagiliaji ya Valencia nchini Hispania. Zilikuwa na mipaka inayojulikana, zamu, walinzi na adhabu zilizopanda hatua kwa hatua. Ukikuta mali ya pamoja imeharibika, uliza kwanza kanuni zake zilivunjwa na nani na mwaka gani.

Ushahidi na hatua

Masimulizi ya wazee yatafutiwe ushahidi mwingine: taarifa za wilaya katika nyaraka za taifa, ramani za zamani, na picha za setilaiti za Landsat, ambazo zimekuwa zikipigwa tangu 1972 na zinapatikana bure. Tafuta pia waliohama, kwa kuwa waliobaki husimulia habari za kubaki tu. Mtu anayeweza kudhurika kwa maelezo yake asitajwe jina.

Chanzo kikishajulikana, hatua hujitenga zenyewe. Ikiwa haki ya kufikia rasilimali ndiyo iliyotwaliwa, njia ni ya kisheria: upo Mkataba wa 169 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1989 kwa nchi zilizouridhia, lipo Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili la 2007, na upo uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu uliotangazwa mwaka 2010, uliowapa ushindi Waendorois, jamii ya wafugaji walioondolewa kando ya Ziwa Bogoria, Kenya, katika miaka ya 1970. Utekelezaji huchelewa sana, nami nasisitiza watu waambiwe hivyo tangu mwanzo. Ikiwa ni maji au samaki, urejeshaji wa sehemu unawezekana. Bwawa la Kok-Aral lililokamilika mwaka 2005 limerudisha uvuvi katika sehemu ya kaskazini ya Bahari ya Aral. Ikiwa soko limekufa, usiwaahidi watu kwamba litafufuka, bali tazama ni ujuzi gani kati ya ule wa zamani una mnunuzi mahali pengine.

Kabla ya kupeleka ripoti popote, isomeni pamoja na waliohojiwa, kwa lugha yao, na andika ni nani alipinga sehemu gani na kwa hoja ipi. Nakala kamili, pamoja na ramani na mstari wa matukio, ibaki kijijini kwa mtu waliyemchagua wenyewe, kwa sababu shauri la ardhi linaweza kufika mahakamani wakati wazee waliotoa ushahidi huo hawapo tena.