Kuirudisha mezani bia ya zamani: kazi inaanzia kwenye lebo kuukuu

Kiwanda cha bia cha Brasimba, Lubumbashi, katika jimbo la Katanga nchini Kongo (DRC), kilianzishwa mwaka 1925 kwa jina la Brasseries du Katanga, na bia zake za Simba na Tembo bado zinanyweka. (Huko pwani "tembo" ni pombe ya mnazi, huku ni mnyama mwenye mkonga.) Bia ya umri huo haina haja ya kutungiwa hadithi. Wengi wanaopewa kazi ya kuifufua humkimbilia mchoraji. Wewe kawatafute kwanza wenye depo (maghala ya kuuzia bia kwa jumla), nganda (baa) za zamani na familia za wafanyakazi wa migodi, uone chupa, vizibo, trei na mabango yao.

Mwaka anaoutaja mwenye kitu usiuandike hivyo hivyo. Soma majina ya mahali. "Congo Belge" (Kongo ya Wabelgiji) ni kabla ya Juni 30, 1960. "État du Katanga" (dola la Katanga iliyojitenga) ni kati ya Julai 1960 na Januari 1963. "Élisabethville", jina la zamani la Lubumbashi, haivuki 1966 kwa urahisi. "Zaïre" (Kongo) na "Shaba" (Katanga) ni 1971 hadi 1997. Lakini lebo zilizojaa ghalani hubandikwa hata baada ya jina kubadilika, kwa hiyo unachopata ni wakati wa kuchapishwa, si wa kunywewa. Tena, mwaka wa kiwanda si mwaka wa kila bia yake: usichape 1925 chini ya jina lolote bila lebo au tangazo la kuthibitisha. Alama za kujitenga kwa Katanga zinapendeza kwenye fulana, ila zinaleta ugomvi mezani. Ziache kabatini.

Mapishi yakiguswa, hata kwa kubadili kimea tu, fanya jaribio la glasi tatu: mbili bia ileile, moja tofauti, zote za baridi sawa, mililita 100 kila moja, mpangilio ukibadilishwa kwa kila mnywaji. Rangi zikitofautiana, tumia glasi nyeusi. Kati ya watu 24, wanane hivi wataitambua iliyo tofauti kwa kubahatisha. Wakifika 13, ulimi umeshajua, na wateja wa miaka mingi watajua pia.

Panapoharibika zaidi ni kwenye chupa. Chupa zetu hurudi kiwandani, zikaoshwa kwa soda kali (hidroksidi ya sodiamu) ya asilimia 2 hivi, kwenye maji ya nyuzi 80. Lebo ya karatasi yenye gundi ya kuyeyuka hutoka. Ya plastiki hung'ang'ania, na iliyopakwa alumini huungana na soda na kutoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Kabla ya kuagiza lebo milioni, loweka chupa 50 katika soda hiyo kwa dakika 10, kwa glavu na miwani. Umbo jipya la chupa nalo ni balaa: kreti za zamani haziipokei, na mwenye nganda hawezi kubadilishana chupa zake tupu.

Glasi ya kahawia ibaki. Ya kijani huonekana ya kifahari, lakini hupitisha mwanga unaovunja uchungu wa hopsi (maua yanayoipa bia ukali), na bia inanuka kicheche. Kreti zikianikwa juani mbele ya depo, harufu hiyo hutangulia kampeni yako.