Mpiga picha wa harusi: mchague kwa harusi nzima, si kwa picha zake bora

Mpiga picha yeyote aliyefanya kazi kwa miaka michache ana picha 30 za kujivunia. Hizo ndizo anazozitanguliza kwenye ukurasa wake, na ndizo maharusi wengi wanazozitazama kabla ya kutoa malipo ya awali. Mimi hupiga picha za harusi, na nakushauri picha hizo zikufanye umpigie simu tu, zisikufanye utoe pesa. Picha nyingi mtakazokabidhiwa hazitapigwa nje jua likizama. Zitapigwa kwenye chumba cha kuvalia chenye dirisha moja na nguo zimetapakaa kitandani, kwenye ukumbi wenye taa za rangi tatu, na mbele ya ndugu 40 ambao miguu imeshawauma kwa kusimama. Hapo ndipo fundi anapojulikana.

Hatua ya 1: Jueni mnachotaka

Kaeni wawili na mkubaliane mambo machache: tarehe, sehemu zitakazotumika, kazi ianze na kuisha saa ngapi, kama mnataka video pia, na kama mnapenda picha za kupangwa au za matukio yanavyotokea yenyewe. Msipokubaliana kwenye hilo la mwisho, kila sampuli mtakayoonyeshwa itawapendeza, na mtashindwa kuchagua.

Hatua ya 2: Omba kuona harusi nzima

Hii ndiyo hatua iliyobeba zote. Mwombe picha zote alizowakabidhi maharusi wa harusi moja, kuanzia maandalizi mpaka wageni wanapoaga. Kisha omba harusi ya pili iliyofanyika ndani, usiku, kwenye ukumbi unaofanana na wenu. Anaweza kukuambia wateja wake hawajaruhusu picha zao kuonyeshwa, na hiyo ni sababu ya heshima. Lakini aliyefanya kazi kwa muda hakosi mteja mmoja au wawili waliokubali.

Ukizipata, usizipitie haraka. Anza na za ukumbini. Macho ya watu yako wazi na yamekolea, au yana ukungu? Wanaocheza muziki wana mikono inayoonekana, au imefutika? Kamera ikiachwa wazi kwa sekunde 1/60, mtu anayecheza hutoka na ukungu. Kumkamata vizuri kunahitaji 1/200 hivi au kasi zaidi ya hapo, na kasi hiyo inataka mwanga. Kwa hiyo angalia mwanga wake. Flashi iliyoelekezwa usoni moja kwa moja huacha kivuli kizito ukutani nyuma ya kichwa, na paji la uso hung'aa. Anayeijua kazi huielekeza darini au ukutani ili mwanga urudi ukiwa laini, na dari ikiwa juu mno au nyeusi, husimamisha flashi nyingine pembeni ya ukumbi.

Halafu tafuta picha ya bibi harusi na bwana harusi wamesimama pamoja, ikuze, na utulie nayo. Tazama gauni jeupe: lesi na mikunjo vinaonekana, au limekuwa doa moja jeupe? Tazama suti nyeusi: kola inaachana na bega, au vyote vimezama? Sasa tazama nyuso. Kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba kilicho mbele yake kina mwanga wa wastani, wa kijivu. Gauni jeupe likijaza fremu, kamera hupunguza mwanga na uso wenye ngozi nyeusi hupotea gizani. Suti nyeusi ikijaza fremu, kamera huongeza mwanga, nyeusi inapauka na uso unachujuka. Ni kazi ya mpiga picha kuisahihisha kamera yake, na ukiikuza picha hiyo moja utajua kama anaisahihisha. Angalia pia kama ngozi ya mtu yuleyule inabaki na rangi yake siku nzima. Asionekane wa kahawia asubuhi, wa chungwa mchana na wa kijani usiku, wala asifanywe mweupe kuliko alivyo. Mimi naona kumpausha mtu siku ya harusi yake ni kumvunjia heshima, na ukiliona jambo hilo kwenye kazi ya mtu, achana naye hata kama bei ni nzuri.

Maliza na picha za pamoja. Ikuze mpaka uone mstari wa nyuma. Mpiga picha anayependa kufungua lenzi hadi f/1.8 ili mandhari ya nyuma ifutike, akisahau kuibana kufikia f/5.6 au f/8 kwa kundi kubwa (namba ya f ikiwa kubwa, tundu la lenzi ni dogo na watu wa mbele na wa nyuma hutoka wazi), atakuachia shangazi na wajomba wa mstari wa nyuma wakiwa ukungu. Na tafuta kama kuna picha za watu wengine mbali na maharusi: mzazi anayefuta machozi pembeni, rafiki anayefunga viatu vya bwana harusi. Mara nyingi picha ambazo familia huja kuzitaka tena baada ya miaka ni hizo, hasa mtu aliyemo akiwa ameshatangulia mbele ya haki.

Hatua ya 3: Zungumza naye ana kwa ana

Ana kwa ana, au kwa simu ya video kama yuko mbali. Swali la kwanza: nani hasa atashika kamera siku hiyo? Baadhi ya studio hukuonyesha kazi ya mwenyewe, kisha siku ya harusi anakuja mtu usiyemjua. Si kosa kutuma mwingine, ila uione kazi ya huyo atakayekuja.

Kisha uliza vifaa. Huhitaji kujua majina ya kamera. Uliza tu kama ana kamera ya pili ikiharibika ya kwanza, na kama kamera yake huandika picha kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja. Kadi za kumbukumbu hufa bila taarifa, na kiapo hakirudiwi. Uliza usiku ule anahifadhi vipi picha kabla ya kufuta kadi. Jibu zuri ni kwamba anazinakili sehemu mbili au tatu, moja ikiwa nje ya nyumba au ofisi yake, na kadi hazifutwi mpaka nakala zihakikiwe. Akiugua siku hiyo, nani atamshikia? Akisita sana kwenye maswali haya, chukulia kwamba hajayafikiria.

Sikiliza pia kama anawauliza ninyi maswali. Huyu atakuwa karibu nanyi kuliko mgeni yeyote, tangu mkivaa. Kama bado mna mashaka, mlipieni kipindi kifupi cha picha kabla ya harusi na muone kama mnalegea mbele yake au mnakakamaa.

Hatua ya 4: Linganisha bei kwa kilichomo ndani yake

Bei mbili haziwezi kulinganishwa mpaka ujue saa ngapi za kazi, wapiga picha wangapi, picha ngapi zilizohaririwa, albamu ipo au haipo, na usafiri unalipwa na nani. Kwa wageni wengi au sehemu mbili kwa wakati mmoja, mpiga picha wa pili ana faida kuliko albamu nene. Uliza pia maana yake ya kuhariri: kusawazisha mwanga na rangi kwa picha zote ni jambo moja, kusafisha chunusi na kuondoa waya ukutani ni kazi nyingine ambayo kwa kawaida hufanywa kwa picha chache. Usidai picha ghafi zote, yaani zilivyotoka kwenye kamera kabla ya kuhaririwa. Ni mali ambayo haijakamilika, na faili zake hazifunguki kwenye kila simu.

Hatua ya 5: Mkataba wa maandishi

Hata kama ni ndugu yako. Uandikwe tarehe, saa za kuanza na kumaliza, jina la atakayepiga, idadi ya chini ya picha, siku ya kukabidhi, malipo na awamu zake, gharama ya saa za ziada, na nini kitatokea harusi ikiahirishwa au yeye asipofika. Sheria za hakimiliki hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo andikeni wazi mnaruhusiwa kuchapisha na kusambaza picha vipi, na yeye anaruhusiwa kuzitangaza wapi. Kama hamtaki picha za watoto ziwekwe mtandaoni, liandikwe hilo pia.

Hatua ya 6: Mpe ratiba na orodha

Kila kundi la picha za pamoja hula kama dakika 3, kwa hiyo makundi 10 ni nusu saa kamili. Andika orodha, anza na wazee na wenye watoto wadogo, na mteue ndugu mmoja mwenye sauti anayewajua watu wa pande zote mbili ili awaite. Mpiga picha hajui baba mdogo ni yupi. Waulize wenye ukumbi kama flashi inaruhusiwa, na mwambie mpiga muziki asielekeze taa za leza kwenye kamera, maana zinaweza kuunguza kihisio chake, sehemu ya ndani inayopokea mwanga.

Hatua ya 7: Siku ya kukabidhiwa

Pakua picha zote wiki hiyohiyo, usitegemee kiungo ambacho kitafungwa. Weka nakala kwenye vifaa viwili tofauti na ya tatu nyumba nyingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Usizihifadhi kwa kutumiana kwenye programu za ujumbe, kwa sababu nyingi hubana picha na kuzipunguza ubora. Hakikisha umepewa faili za ukubwa kamili: picha ya kuchapwa kwa sentimita 20 kwa 30 inahitaji takriban pikseli 2,400 kwa 3,500. Ukikuta zako ni ndogo kuliko hapo, mwandikie siku hiyohiyo, wakati bado anazo picha za awali kwenye diski yake.