Jinsi kigunduzi kinavyozua uhusiano wa uongo katika milipuko ya miale ya gama

Ukichora nguvu ya milipuko ya miale ya gama dhidi ya umbali wake, utaona iliyo mbali zaidi ndiyo yenye nguvu zaidi. Kabla hujatangaza kwamba ulimwengu wa kale ulilipuka kwa ukali kuliko wa leo, jaribu zoezi hili. Python yenye numpy, scipy na astropy inatosha.

Hatua ya 1. Buni milipuko 5,000. Kila mmoja upe z, yaani mhamo mwekundu (redshift), kati ya 0.1 na 6 (z kubwa, mbali zaidi) na nguvu L kati ya erg (kipimo cha nishati) 10^50 na 10^54 kwa sekunde, ukibahatisha logi yake. L isitegemee z hata kidogo. Pima uhusiano wa L na z kwa Spearman (kipimo cha uhusiano wa nafasi, kati ya -1 na 1): karibu na sifuri.

Hatua ya 2. Kokotoa mng'ao unaotufikia, F = L/(4πd²); d, yaani umbali, utaipata astropy, kwenye `luminosity_distance`. Futa wote walio chini ya 10^-7 erg kwa sentimita mraba kwa sekunde: hicho ndicho kizingiti cha kigunduzi chako, chini yake hakioni kitu. Pima tena.

Sasa Spearman imepanda, na hakuna fizikia uliyoiongeza! Mlipuko wa z = 4 unahitaji takriban mara 30 ya nguvu ya ule wa z = 1 ili uonekane, basi wanyonge wa mbali wametoweka wote, na kona ya chini kulia ya mchoro iko tupu.

Haya si ya darasani tu. Mwaka 2002 Lorenzo Amati na wenzake, kwa data ya setilaiti ya BeppoSAX, walionyesha kuwa nishati ya kilele cha spektra (pale mlipuko unapong'aa zaidi) hupanda pamoja na nishati yote ya mlipuko. Mwaka 2007 Butler na wenzake, wakitumia data ya setilaiti ya Swift, walidai kizingiti cha kigunduzi kinachangia pakubwa mahusiano ya namna hiyo. Ubishi ukaendelea. Kwangu, anayedai uhusiano ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha.

Hatua ya 3. Tumia njia ya Efron na Petrosian (1992), inayopima uhusiano bila kudanganywa na kizingiti. Kwa kila mlipuko, tafuta z ya mwisho ambayo bado ungeonekana. Ulinganishe na wale tu wenye L sawa au zaidi, na z isiyovuka mpaka huo. Angalia z yake imeshika nafasi ya ngapi kundini. Toa nafasi ya wastani, jumlisha tofauti zote, gawa kwa kipeuo cha pili cha jumla ya varianzi za nafasi hizo. Kwa data yako ya kubuni, jibu litabaki kati ya -2 na 2 mara nyingi, yaani hakuna uhusiano.

Kwenye data halisi kizingiti hakitulii: BAT, kigunduzi cha miale ya gama cha Swift, ina vigezo vingi vya kushtuka (triggers). Pandisha kizingiti chako juu ya pale milipuko inapoanza kupungua, hata ukipoteza nusu ya sampuli.