Mkataba wa Ajira: Mambo Ambayo Mwajiri wa Nairobi Hapaswi Kuyaacha Mdomoni

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka kila ajira itakayochukua jumla ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Hata hivyo, waajiri wengi wadogo, kuanzia maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road hadi karakana za Industrial Area, huajiri kwa maneno matupu wakidhani kwamba karatasi humfaa mfanyakazi peke yake. Hapo wanajidanganya, kwa kuwa kifungu cha 10 kinasema kwamba kesi ikifika mahakamani na mwajiri akashindwa kutoa mkataba, ni yeye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Karani akidai kwamba uliahidi kumwongezea mshahara baada ya mwaka mmoja, wewe ndiwe utakayetakiwa kuonyesha kwamba hukuahidi.

Anza na yale yasiyo na utata: jina, umri, jinsia na anwani ya kudumu ya mfanyakazi, jina la mwajiri kama lilivyosajiliwa, si lile lililochorwa kwenye kibao cha duka, cheo na maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, na kama ajira ni ya kudumu au ya muda maalumu. Mahali pa kazi paandikwe wazi, na ikiwa unatarajia kumhamisha mtu kutoka Industrial Area hadi bohari yako ya Athi River, sema hivyo mapema na ueleze ni nani atakayelipa nauli.

Sehemu ya mshahara ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Sentensi kama «mshahara ni shilingi 45,000» inaonekana kamili, lakini haisemi kama fedha hizo ni kabla ya makato au baada yake, wala haitaji nyumba. Kifungu cha 31 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa au amlipe fedha za kutosha kupangisha, isipokuwa pale mkataba unapoonyesha kwamba fedha hizo zimejumuishwa katika mshahara wa msingi. Nimesoma mikataba mingi iliyonyamaza juu ya jambo hili, na dai la marupurupu ya nyumba ya miaka kadhaa huwa kubwa kuliko mshahara wenyewe. Afadhali kuandika hivi: «Mfanyakazi atalipwa mshahara wa msingi wa shilingi 38,000 na marupurupu ya nyumba ya shilingi 7,000, jumla shilingi 45,000 kabla ya makato ya kisheria, kufikia siku ya mwisho ya kila mwezi, kupitia akaunti yake ya benki.» Makato nayo yatajwe kwa majina: kodi ya mapato, NSSF, bima ya afya ya jamii na ushuru wa nyumba.

Saa za kazi ziandikwe kwa saa ya kuingia na ya kutoka, pamoja na siku ya mapumziko, ambayo ni angalau moja katika kila siku 7. Eleza pia ni nani anayeidhinisha saa za ziada na zinavyolipwa.

Katika likizo, sheria imeweka kiwango cha chini ambacho saini ya mfanyakazi haiwezi kukipunguza: siku 21 za kazi kwa mwaka zenye malipo kamili, miezi 3 kwa mama aliyejifungua na wiki 2 kwa baba. Likizo ya ugonjwa, baada ya miezi 2 ya kazi mfululizo, ni siku 7 za malipo kamili na 7 za nusu malipo.

Kipindi cha majaribio hakipaswi kuzidi miezi 6, na kukirefusha, kwa muda usiozidi miezi mingine 6, kunahitaji ridhaa ya mfanyakazi. Katika kipindi hicho notisi ya kusitisha ajira ni siku 7. Baadaye, kwa anayelipwa kwa mwezi, ni siku 28 au zaidi. Na usijifiche nyuma ya neno «kibarua», kwa maana anayefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kama mfanyakazi wa mwezi, hata kama unamlipa kila jioni.

Mkataba usainiwe, au uwekwe alama ya kidole gumba, mbele ya mtu mwingine asiye mwajiri. Kama mfanyakazi hasomi, au haielewi lugha iliyotumika, ni wajibu wako kuhakikisha anafafanuliwa kwa lugha anayoielewa. Kiingereza cha wakili hakimsaidii mlinzi wa usiku. Mpe nakala yake. Jambo lolote likibadilika, shaurianeni, urekebishe mkataba na umjulishe kwa maandishi, kisha uiweke barua hiyo kwenye faili pamoja na mkataba wa awali, kwa kuwa kumbukumbu hizo unatakiwa kuzihifadhi kwa miaka 5 baada ya ajira kwisha.