Mkono wa mtoto ukilegea ghafla baada ya mafua: mwongozo kwa wazazi wanaohofia AFM

Kila ifikapo Agosti, shule za Marekani zinapofunguliwa na mafua yakaanza kuzunguka madarasani, wazazi wenye watoto wadogo huanza tena kuulizana kuhusu AFM (kwa Kiingereza «acute flaccid myelitis»), ugonjwa unaoshambulia neva za uti wa mgongo zinazoendesha misuli na kumwacha mtoto aliyekuwa akikimbia jana na mkono au mguu uliolegea. Hofu hiyo inaeleweka, ila mara nyingi huelekezwa pasipostahili. Tangu CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilipoanza kuwafuatilia wagonjwa hao mwezi Agosti 2014, mwaka uliokuwa mbaya zaidi ni 2018, na hata mwaka huo waliothibitishwa walizidi kidogo 230 katika nchi yenye watoto zaidi ya milioni 70. Kwa hiyo mzazi asijichoshe kuogopa kila kikohozi; ajue tu aangalie nini, wakati gani, na aende wapi bila kungoja.

Wagonjwa wengi hutokea kati ya Agosti na Novemba, na zaidi ya asilimia 90 walikuwa na mafua au homa siku chache kabla ya kupooza. Kinachoshukiwa zaidi ni virusi vya entero, hasa aina ya D68 iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza California mwaka 1962, ambavyo kwa watoto walio wengi huishia kwenye kamasi na kikohozi. Tatizo ni kwamba dalili za AFM hujitokeza wakati mzazi ameshapumua, homa imeshuka na mtoto amerudi kuomba chakula. Wiki hiyo ya nafuu ndiyo ya kuwa macho.

Mara nyingi hutangulia maumivu ya shingo, ya mgongo au ya kiungo kimoja, kisha udhaifu huja ndani ya saa chache au siku chache, na kwa kawaida upande mmoja huzidi mwingine. Udhaifu huo huwa mkubwa zaidi begani au nyongani kuliko kwenye vidole, na hapo ndipo wazazi wengi hupitwa: mtoto anaweza kushika kalamu na hata kukubana kidole kwa nguvu, lakini akashindwa kuinua mkono ili avishwe fulana. Mpime kama mnacheza. Mwambie ainue mikono yote miwili kana kwamba anagusa dari na aishikilie huko mkihesabu hadi kumi. Kisha atembee kwa visigino, na mwishowe ainuke kutoka sakafuni bila kushika kitu. Kwa mdogo asiyeelewa maagizo, zuia kwa upole mkono ulio mzima na umwekee biskuti upande wa mkono unaoutilia shaka. Watoto ni hodari wa kufidia, na mtoto aliyelelewa kula kwa mkono wa kulia akianza kutumia wa kushoto, wakubwa mezani humkemea kwa utovu wa adabu kabla ya kumuuliza sababu. Muulize kwanza. Tazama pia kope iliyolegea, mdomo uliokwenda upande, sauti iliyobadilika, na tabu ya kumeza.

Ukiona lolote kati ya hayo, usimpeleke kuchuliwa kwa kudhani ameteguka, wala usimpe dawa ya maumivu ukasubiri kupambazuke. Mpeleke idara ya dharura saa hiyo hiyo, na akiwa anahangaika kupumua au kumeza, piga 911, namba ya dharura ya Marekani. Kukosa bima kusikuzuie, kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1986 inazitaka hospitali zenye idara hiyo kumchunguza kila anayefika kwa dharura na kumpa huduma ya kuituliza hali yake hata kama hana uwezo wa kulipa. Omba mkalimani wa Kiswahili, ambaye hospitali inapaswa kukupatia bila malipo, na usimpe kazi hiyo dada au kaka wa mgonjwa, ambaye huenda akaruka neno zito kwa kukuhurumia.

Maelezo yako yawe mafupi na yenye saa: «Wiki iliyopita alikuwa na mafua na homa, tangu jana mchana hawezi kuinua mkono wa kulia.» Itaje AFM kwa jina, kwa kuwa madaktari wengi hawajawahi kuiona, na picha ya kawaida ya mfupa haiwezi kuionyesha. Daktari atagonga goti na kiwiko kwa nyundo ndogo kuona kama kiungo kinaruka, kisha itahitajika MRI, yaani picha ya mashine ya sumaku, ya ubongo na uti wa mgongo, pamoja na sampuli za damu, choo, ute wa puani na kooni, na maji ya uti wa mgongo. Sampuli hizo zichukuliwe mapema, kwa sababu virusi hupungua haraka mwilini. Kipimo cha maji ya mgongo ndicho wazazi wengi hukikataa wakiamini kwamba sindano yenyewe humpoozesha mtoto. Kwa kweli sindano huingizwa chini kiunoni, mahali ambapo mshipa mkuu wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo umeshakoma.

Mkiambiwa mlale hospitalini, kubalini hata kama mtoto anacheka, maana misuli ya kupumua inaweza kudhoofika baadaye. Mwaka 2018 zaidi ya nusu ya wagonjwa walilazwa katika chumba cha mahututi, na karibu robo walihitaji mashine ya kupumulia. Hakuna dawa iliyothibitishwa kuuponya ugonjwa huu, hivyo daktari akipendekeza steroidi (dawa za kupunguza uvimbe) au kingamwili za kutiwa mshipani, muulize anatarajia nini na madhara yake ni yapi.

Kuhusu kinga, osheni mikono kwa sabuni na maji, kwani vitakasa mikono vya pombe havifanyi kazi vizuri dhidi ya virusi hivi. Chanjo ya polio haizuii AFM, ila msiiache: polio huleta kupooza kunakofanana sana na huku, na mwaka 2023 iligunduliwa Rukwa, Tanzania. Kama mtoto alisafiri nyumbani Afrika Mashariki hivi karibuni, mwambieni daktari. Na kwa walioko Tanzania au Kenya, mtoto yeyote chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla hutolewa taarifa kituo cha afya, ambako huchukuliwa sampuli mbili za choo zikipishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu alipolegea.

Mazoezi ya viungo yaanze mara hali inapotulia, na yaendelee nyumbani kila siku kwa miezi mingi, kwa kuwa wengi hubaki na udhaifu wa kiasi fulani. Swali la upasuaji wa kuhamisha neva liulizwe katika miezi ya mwanzo, kwani msuli uliokaa mno bila neva hufikia mahali ambapo hauwezi kurudishiwa nguvu. Shule ya umma nayo iandikiwe barua kuombwa tathmini ya mahitaji maalumu, na nakala yenye tarehe ibaki kwenu.