Filamu ya zamani imekatwa? Piga hesabu kwanza

Nilikuwa nimeshaandika kwenye uhakiki wangu kwamba dakika nne zimenyofolewa, kumbe hakuna kilichokatwa. Ukiona muda wa DVD ni mfupi kuliko ule wa sinemani, chukua dakika za diski, zidisha kwa 25, kisha gawanya kwa 24. Dakika 96 zinarudi kuwa 100 kamili. Filamu nyingi za sauti zilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde, lakini runinga za PAL (mfumo uliotumika Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika) huenda kwa 25, kwa hiyo wanaozihamishia huko kwa kawaida huikimbiza filamu nzima kwa asilimia 4 hivi. Tukio halipotei hata moja. Kinachobadilika ni sauti: isiporekebishwa hupanda kidogo, na mwigizaji mwenye besi nzito anasikika kama kapungua umri (hilo nalo usimlaumu yeye). Vipindi vya zamani vya Marekani vilivyopigwa kwa mkanda wa filamu vina mchezo huohuo.

Hesabu hii haikusaidii kwa diski za NTSC (mfumo wa runinga wa Marekani na Japani), ambazo hurudiarudia baadhi ya picha bila kufupisha muda, wala kwa Blu-ray nyingi, ambazo hucheza kwa kasi ileile ya 24. Filamu bubu ndizo zinazosumbua zaidi: zilipigwa na kuonyeshwa kwa kasi tofautitofauti, hivyo muda peke yake hauthibitishi lolote. Ukishazidisha na bado kuna pengo la dakika kadhaa, hapo sasa mtafute aliyeshika mkasi.