Kunyanyua Forester mbele kwa spesa za shokapu

Milimita 30, usizidishe. Ndio unene wa spesa, kile kipande kinachowekwa kati ya shokapu na bodi, ninaowaambia wote wanaoniletea Subaru Forester SG5 hapa Njombe wakitaka liinuke kwa ajili ya njia za Lupembe wakati wa masika. Anayekuja na spesa za milimita 50 namrudisha dukani. Kwenye gari hili shokapu imefungwa moja kwa moja kwenye chuma kinachobeba haba (kitovu kinachofungwa tairi), kwa hiyo unene wa spesa ndio karibu kimo ambacho gari litapanda. Ukizidisha, draivushafti (chuma kinachozungusha tairi) inakaa kwa pembe kali, mpira wa sivi jointi, yaani kiungo chake, unachanika, na vumbi likishaingia kwenye grisi jointi haina maisha. Usichukue vipimo vya Hilux au Prado. Huko shokapu inakaa katikati ya mkono wa chini, chuma kinachounganisha gurudumu na fremu, na spesa nyembamba inapandisha gari karibu mara mbili ya unene wake.

Nunua za alumini au plastiki ngumu, zenye bolti zake tatu za kwenda kwenye bodi na matundu matatu ya kupokea bolti za shokapu. Za mbao sizifungi kwa bei yoyote.

Gari likae pa tambarare, hendibreki juu, mawe nyuma ya matairi ya nyuma. Legeza nati za tairi kabla hujapiga jeki. Likishapanda liweke juu ya stendi, pande zote mbili; jeki inashuka bila kuaga. Toa tairi, kisha fungua linki za stabilaiza (fimbo inayounganisha mikono ya pande zote mbili) kushoto na kulia, maana ukifungua upande mmoja tu, ule mwingine utauvuta juu mkono unaouhangaikia.

Toa kishikio cha hozi ya breki na waya wa ABS kwenye shokapu. Chini utaona bolti mbili kubwa za namba 19. Ya juu ina alama kichwani, ndiyo inayorekebisha mlalo wa tairi. Ichore kwa rangi nyeupe mahali ilipo, shika kichwa kisizunguke, na uzungushe nati peke yake. Kabla hujazichomoa, funga haba kwa waya mzito. Ikiachwa ining'inie itaning'inia kwenye hozi ya breki, na ikiangukia nje inaweza kuichomoa draivushafti kwenye jointi ya ndani.

Sasa fungua boneti. Juu ya shokapu kuna nati tatu ndogo za namba 12, na katikati yake nati moja kubwa. Hiyo kubwa usiiguse. Ndiyo inayoibana springi, na springi hiyo imekandamizwa kwa nguvu inayoweza kuvunja taya la mtu. Kazi yetu haihitaji springi ifunguliwe hata kidogo. Shokapu inatoka nzima na inarudi nzima. Kijana yeyote anayejifunza kwangu namwonyesha nati hiyo kabla sijampa spana. Legeza zile tatu, mtu mmoja aishike shokapu kwa chini, ndipo utoe ya mwisho.

Mezani, valisha spesa juu ya shokapu na ukaze. Pitisha rula juu ya uso wake: ncha ya bolti ikijitokeza hata kidogo, spesa haitalala sawa kwenye bodi, kwa hiyo tafuta nyingine. Rudisha shokapu, shika nati za juu kwa vidole kwanza. Chini matundu hayatakutana kwa urahisi kwa sababu shokapu imekuwa ndefu. Sukuma mkono wa chini kwa bomba refu huku mwenzako akiingiza bolti. Rudisha ile ya juu kwenye alama yako.

Nati za juu zinataka Nm 20 tu kwenye spana ya kupimia nguvu, na anayezikaza kwa bomba anazikata. Zile za 19 zifuate kitabu cha gari. Rudisha linki na vishikio, kisha zungusha usukani mpaka mwisho kila upande ukiangalia kama hozi au waya vinavutika.

Siku hiyohiyo lipeleke alaimenti, yaani kunyooshwa matairi, la sivyo matairi yataliwa upande mmoja. Shusha na taa, maana zitawapiga machoni wanaokuja mbele. Baada ya kilomita 100 hivi kagua nati zote tena. Ukisikia mlio wa kugonga kutoka juu ya shokapu kwenye matuta, usingoje kilomita zifike.